Ruiru ya Shosho

Kwa watu wa rika langu, Ruiru ni nyumba za kupanga: bedsita, jam ya asubuhi na matatu za Thika Road. Mtaa ninaoishi ulikuwa shamba la kahawa, ingawa leo huwezi kupata hata mche mmoja. Lakini ukipita Thika ukapanda kuelekea Gatanga, Ruiru ni jina la mche. Ruiru 11 ilizalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilicho Ruiru, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inahimili kutu ya majani na ule ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi.

Nilienda huko Oktoba, msimu mkubwa ukianza, kujitolea na kikundi cha vijana kinachosaidia wakulima kuweka rekodi: kilo zilizochumwa, gharama ya mbolea, malipo yameingia lini. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu, nauli na chakula juu yao, na kitanda kwa mama mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye kila mtu alimwita Shosho.

Wiki ya kwanza nikaitwa "mwarimu", ingawa sikuwa nafundisha mtu. Kijijini ukishika kalamu tu, wewe ni mwalimu. Heshima ilikuwepo, imani haikuwepo. Wageni wenye daftari walishapita hapo, wakauliza maswali, wakapiga picha, wakaenda. Nikiuliza mtu amevuna kilo ngapi, anacheka: "Ni za kutosha tu."

Kilichonifungulia milango ni gunia. Kahawa iliyochumwa asubuhi lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo inaanza kuchacha. Kwa hivyo mchana kila mtu humwaga yake juu ya gunia, akaketi chini na kuchambua: mabichi huku, yaliyokauka huku, yenye madoa huku, mekundu yabaki. Nikaketi pia. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Hapo nikasikia nani ana deni, nani ana mtoto Qatar, nani ameuza ploti. Zile kilo nilizonyimwa mlangoni zilitajwa hapo bila mimi kuuliza.

Mengine yalizoeleka yenyewe: kulala saa tatu, kuoga kwa karai, nduma na chai badala ya mkate, na matope mekundu yasiyotoka kwa raba nyeupe hata ufanye nini.

Kigumu kilikuja mwezi wa pili. Jioni moja Shosho alitoa bahasha kuukuu iliyojaa risiti. Ana watoto wanne, wote mjini, na wawili walitaka shamba likatwe ploti.

"Mwarimu, nipigie hesabu. Hii kahawa inanilipa ama inanila?"

Miche 180. Kilo 640 msimu uliopita, kwa shilingi 85 kila kilo: 54,400. Toa mbolea, dawa na vibarua, zikabaki 27,500. Kwa mwaka mzima. Kodi ya bedsita yangu ingezimaliza kwa miezi mitatu.

Usiku huo sikulala vizuri. Ni rahisi kumwambia mtu "usiuze" wakati wewe Disemba unapanda mat kurudi mjini. Ni rahisi pia kumwambia "uza" wakati kitanda chako kiko juu ya shamba lililouzwa. Shamba halikuwa langu, na njaa haingekuwa yangu. Nikaona ninachoweza kumpa ni namba ya kweli, bila kuipamba.

Asubuhi nikamwonyesha. Hakushtuka.

"Hiyo naijua," akasema. "Sasa andika na za zamani."

Tukaandika kwa siku tatu. Alianza na mama mkwe wake, aliyeishi wakati Waafrika wa huko walikatazwa kulima kahawa, hadi ruhusa ikapanuka miaka ya 1950. Kisha baridi kali iliyoua kahawa ya Brazil mwaka 1975: bei ikapaa duniani, na mwaka 1977 yeye na mumewe wakajenga nyumba ya mawe tuliyokuwa tumekalia. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyolinda bei yalivunjika. Hapo aliuza ng'ombe wawili, lakini hakung'oa mche. Karo ya fomu wani, karo ya koleji, bili ya hospitali ya mumewe. Kila risiti akaniambia ni ya nani.

"Wanangu wanajua bei ya ploti," akasema. "Hawajui wao waligharimu nini."

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, mwanawe mmoja alikuja. Alisoma daftari akiwa amesimama, halafu akavuta kiti. Hakusema kuuza wala kutouza. Aliuliza tu, "Hii ya 1994 ni karo yangu?" Shosho akasema ndiyo, akamwongezea chai.

Tangu hapo laini mbili za chini zimeng'olewa, pamepandwa avokado. Mambo ya ploti bado wanaongea. Malipo ya msimu ule yalipoingia, miezi kadhaa baadaye, simu yangu ililia nikiwa kwa foleni ya matatu. Shosho hakutaka ushauri. Alinisomea namba polepole, mara mbili, akangoja nimwambie nimeandika.