Mto Uliotunzwa na Muuza Magimbi

Nikiwa Kimara kwa binti yangu, mjukuu alifungua bomba akaniuliza, "Babu, haya maji huwa wanayatoa chumvi kwanza, au bahari ya Dar haina chumvi nyingi?" Ni kijana wa sekondari, tena anafaulu. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa sehemu ya anachokunywa imeteremka kutoka mlima niliozaliwa chini yake. Jambo hilo lilinisononesha sana.

Nauzungumzia Mto Morogoro. Unaanzia ubavuni mwa Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru kinachozidi mita 2,000, kilichosimikwa minara ya mawasiliano siku hizi. Juu kule unauvuka kwa hatua mbili. Unashuka chini ya mahali paitwapo Morningside, unaporomoka mawe kwa mawe, unakatiza mji wa Morogoro, kisha unaingia mto Ngerengere, chini ya bwawa la Mindu. Ngerengere inamwaga maji yake mto Ruvu, na Ruvu inapita Mlandizi, yanakovutwa maji ya Dar es Salaam, kabla ya kufika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Mvua ikinyesha Lukwangule, juu ya milima hiyo hiyo, inayoshukia Mgeta na inayoshukia mashariki zitakutana Ruvu zote. Uluguru nzima ni paa moja lenye mfereji mmoja.

Njia ya kupanda mlimani ilipokuwa ikikatiza mto, palikuwa na mzee akiuza magimbi. Nilianza kupita kwake nikiwa darasa la tatu. Itakuwa 1968. Aliyalima kandokando ya maji, akayachemsha kwenye sufuria iliyofunikwa majani ya mgomba. Moshi wa kuni mbichi na harufu ya majani yale yaliyobabuka pembeni vilikupokea kabla hujamwona mwenyewe. Kina mama walioshuka na matenga ya ndizi na mboga kichwani waliyatua pale, wakala, wakasuuza miguu. Mchanga ulimetameta kwa ulanga, na maji yakikufika magotini ulikuwa unaviona vidole vya miguu yako vyote.

Juu ya kivuko sabuni ilikuwa marufuku, na aliyeipiga marufuku ni yeye. "Mwanangu, shuka nayo chini," alisema, na mtu alishuka, awe mkubwa awe mdogo. Wakati wa masika aliinama kuutazama mto. Akiona majani mabichi yaliyochanika yanaelea, alizuia watu wasivuke, hata kama kwetu jua lilikuwa linawaka. Haukupita muda, maji mekundu yalifika yakisukuma magogo. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kiangazi mto unaishi kwa ukungu: unanasa kwenye ndevu za miti kule juu, unadondoka tone kwa tone, udongo wa msituni unaunywa na kuuachia polepole.

Wazee wa rika lake ndio waliokataa matuta ya ngazi yaliyoamriwa na wakoloni, mwaka 1955. Wakoloni waliwaita wakaidi, na bado wapo wanaosema hivyo. Walikataa kulazimishwa kuchimbua udongo mfu na kuufukia ule wenye rutuba. Kuutunza mlima hawakukataa kamwe.

Baadaye mambo yalikwenda haraka. Miaka ya 1980 likaja bwawa la Mindu, mji ukapanda mlimani, yule mzee akafariki. Mwaka 2008 msitu wa juu ukawa hifadhi ya mazingira asilia, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini chini ya mpaka wa hifadhi kabichi zinalimwa mpaka ukingoni, mteremko mkali usio na hata tuta, na dawa ya wadudu inakorogwa kwenye ndoo katikati ya mto. Kiangazi mipira ya umwagiliaji inanyang'anyana kidogo kilichobaki. Inanikera kuona mtu mzima anapita na kunyamaza.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zipimwe, tangu mpaka wa msitu hadi Ngerengere, na zipandwe miti. Gharama tuibebe sote tunaokunywa Ruvu, kwani si haki mkulima wa mlimani aachie shamba bure ili Kimara ipate maji. Inawezekana: kule Kibungo, upande wa mashariki, wakulima waliwahi kulipwa kwa kuutunza mteremko.