Ubao Niliousingizia

Binadamu akishindwa na kazi yake hutafuta wa kumlaumu, na aghalabu lawama humwangukia asiyeweza kujibu. Mimi, msomaji wangu, niliulaumu ubao. Nakusimulia kisa changu ili siku utakapotaka kulaumu, uchunguze kwanza.

Mjomba wangu alikuwa seremala Msambweni. Mwembe ulipoanguka uani kwake, alinichongea kiwiliwili cha gitaa la umeme kwa ubao wake, nami nikafunga juu yake shingo, nyuzi na sumaku zilizotoka katika gitaa kuukuu. Gitaa lililia, lakini sauti yake haikudumu. Nikigusa uzi ilizimika kama kibatari kilichopulizwa. Wenzangu waliopiga muziki katika hoteli za Diani walikuwa na magitaa ya ng'ambo, na sauti zake zilielea hewani hata nikaona wivu. Nikakata shauri kwamba kosa ni la mwembe. Mwembe, nilisema, ni mti wa matunda; wapi na wapi na muziki?

Imani yangu haikukosa chanzo. Nimekulia kati ya ngoma za Wadigo na Waduruma, na katika ngoma mti ni nusu ya sauti: gogo huchimbwa, na hewa iliyomo ndani hutikisika pamoja na ngozi. Katika marimba, kipande cha mti chenyewe ndicho kiimbacho. Hata udi wa taarabu na gitaa la kawaida vina sanduku la mbao nyembamba, ambalo hupokea mtikisiko wa nyuzi na kuusukuma hewani. Basi nilidhani na gitaa la umeme ni vivyo hivyo.

Jioni moja mtu aliniletea habari za ubao wa mbambakofi, mzito na mkavu, kwa bei ndogo kupita kiasi. Alisema kwa kunong'ona, nami nikafahamu bila kuambiwa kwamba ulitoka katika kaya. Kama wewe ni wa mbali, jua kwamba kaya ni misitu ya wazee wa Mijikenda, mahali pa maombi na makaburi, ambamo kukata mti ni mwiko. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo niliyajua, na juu ya hayo nilikwenda kwa mjomba kumwomba anichongee ubao ule.

"Umetoka wapi?" akauliza. Nikanyamaza. Naye alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lete gitaa kwanza, mwanangu. Mti usihukumiwe kabla haujasikilizwa."

Alivua uzi mmoja, akautandaza juu ya meza yake ya useremala kwa urefu ule ule, akaukaza mpaka ukatoa sauti ya kimo kile kile, akaiweka sumaku chini yake kwa umbali ule ule. Nikafumba macho, akaupiga. Niliyoisikia ilikuwa sauti ya gitaa langu, ila kwa jambo moja: hii ilidumu. "Meza hii ni ya mti gani?" akaniuliza. Nilifumbua macho, nikaitazama. Ilikuwa ya mwembe.

Ndipo aliponionyesha kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Skrubu zake nne zilikuwa zimelegea, na kila nilipopiga, chuma kilicheza na kuinyang'anya nyuzi nguvu. Alijaza matundu yale kwa vijiti vya mti mgumu na gundi, akakaza upya. Gitaa langu likaimba.

Sababu yake si uchawi. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika, huamsha umeme katika waya, na umeme huo ndio unaokuzwa. Kwa hiyo sauti hutokana zaidi na uzi, na sumaku na mahali ilipowekwa, na mashine inayokuza. Mti una sehemu yake, lakini ni ndogo: ncha za uzi zikishikwa kwa ulegevu, au shingo ikitikisika pamoja na uzi, nguvu hupotea na sauti hufa mapema. Yapata mwaka 1940, Mmarekani Les Paul alitandaza nyuzi juu ya nguzo ya msonobari, nayo ikalia vizuri. Mbavu za gitaa alizibandika ubavuni ili watazamaji waone kitu chenye sura ya gitaa.

Ubao wa mbambakofi sikuununua. Walakini sisemi hivi kwa kujisifu, kwani mjomba asingalichunguza, ningaliununua. Nilichoonea haya si kukosea habari ya sauti, kwani kila mwanafunzi hukosea. Nilionea haya kwamba nilikuwa tayari kulipia kosa la skrubu nne kwa mti ulioota kabla ya babu zangu kuzaliwa. Msomaji, kazi yako ikiharibika, anza na skrubu zako. Ni karibu nawe kuliko msitu, na kuzikaza hakumdhulumu mtu.