Kutoka Tarime Hadi Mugumu: Sala na Mlango Ulio Wazi

Anayetoka Musoma kwenda Tarime huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Mto huo umetoka mbali, katika milima ya Mau nchini Kenya, na hapo Kirumi umekaribia Ziwa Victoria. Ng'ambo ya daraja barabara yapita Utegi, kisha yapanda. Hewa inapoa na migomba inaonekana. Umeingia nchi ya Wakurya.

Nilipita huko Novemba 2024. Katika basi niliketi karibu na mama mmoja mwenye rozari shingoni. "Tumsifu Yesu Kristu," nilimwamkia. "Milele na milele, amina," aliitikia. Tuliongea habari za mvua, za soko na za kwaya yake. Kisha nikamwuliza juu ya Desemba. Alitazama nje kwa muda, akasema: "Baba, padre tunamwona Jumapili. Wazee tunaishi nao."

Nilimwuliza hivyo kwa kuwa koo nyingi za huko hukeketa wasichana katika miaka ya shufwa, shule zikiwa zimefungwa, na 2024 ulikuwa mwaka wa shufwa. Wazee wa mila, wale wa inchama, wakisema wakati umefika, ngoma hulia na zawadi huandaliwa. Msichana asiyekeketwa huitwa omosagane, nalo ni jina la dharau. Huambiwa kuwa hatapata mume, na baba yake hufikiri juu ya ng'ombe wa mahari watakaompita. Kuna waliokufa kwa kutokwa na damu. Wengine huona taabu kubwa siku ya kujifungua.

Sheria haikunyamaza. Tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Desturi inarudi nyuma, lakini kwa mwendo wa konokono.

Wala hatuwezi kusema kwamba Injili haijafika. Wamenoni walifungua misheni ya Shirati mwaka 1934. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma 1946, na jimbo likaundwa 1957. Wengi wa wazazi hawa wamebatizwa. Jumapili wanasali, na Desemba wanampeleka binti kwa ngariba. Tusiwacheke. Ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kumwogopa jirani kuliko Mungu?

Wakristu wa kwanza nao walijaribiwa na jambo linalofanana na hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, wengine walidai kwamba mataifa hawawezi kuokoka wasipotahiriwa. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, wakasikilizana, wakaamua kutowatwika watu mzigo huo. Nao walikuwa wazee walioheshimu mila za baba zao. Ikiwa tohara ya wanaume, iliyoamriwa zamani katika Maandiko, haikufanywa sharti la kuwa mtu wa Mungu, kisu hiki kitapewa heshima hiyo kwa hoja gani? Binti aliyebatizwa ana alama yake tayari.

Tuliiacha Tarime kwa njia ya Nyamongo, tukauvuka tena Mto Mara, tukaingia wilaya ya Serengeti hadi Mugumu. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama nyumbu wakivuka mto huu. Lakini kuna safari nyingine isiyopigwa picha: ya msichana anayetoroka nyumbani usiku, akipita porini peke yake, akitafuta nyumba ambayo amesikia tu habari zake.

Nyumba hizo zipo. Mugumu, Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014. Mama Rhobi Samwelly, ambaye naye alikeketwa katika usichana wake, aliiongoza, kisha akaanzisha shirika lenye nyumba Mugumu na Butiama. Kule Tarime kipo kituo cha Masanga, ambako wakati wa Desemba wasichana hukaa kambini, hufunzwa mema ya kabila lao, na huvushwa kuwa watu wazima kwa nyimbo na shangwe, pasipo kisu. Wazazi huitwa na kusemezwa kabla binti hajarudishwa.

Hapo nilijifunza jambo. Desturi ya Wakurya ina mengi ya kutunzwa: ritungu na nyimbo zake, heshima kwa wazee, undugu wa rika. Kinachoondolewa ni kisu tu, sherehe inabaki.

Nami nikajihukumu. Mara nyingi nimewaombea "wasichana wanaoteseka", kisha nikalala usingizi. Sala ya mama yule wa basi ni ngumu zaidi, kwa sababu akisema amina itampasa arudi kijijini awaambie wakwe zake: "Huyu hatakwenda." Asiachwe aseme peke yake. Mume wake na asimame naye, na kwaya yake pia, hata katekista.

Desemba nyingine ya shufwa itakuja. Ndugu msomaji, usiku ule binti akibisha mlangoni kwako, huenda yeye ndiye jibu la sala yako. Amka, umfungulie.