Kupiga Moyo Konde si Kunyamaza

Vijana wenzangu, mtu akipatwa na msiba mzito huku kwetu huambiwa neno moja: "Piga moyo konde." Ni neno zuri, sina ugomvi nalo. Lakini wengi wetu tunalitumia kumfunga mtu mdomo. Tunamaanisha nyamaza, usitusumbue, maisha yaendelee. Hapo ndipo ninapotaka tuulizane: hivi moyo unakazwaje?

Oktoba 2020, msimu wa korosho, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakakivamia kijiji cha Kitaya, hapa hapa Mkoa wa Mtwara. Waliua watu na kuchoma nyumba. Mama mdogo wangu, mjane, alikuwa akiishi huko. Alikimbia na wanawe wawili na khanga aliyojifunga, wakafika kwetu Ziwani wakiwa hai. Basi, tukamshukuru Mungu, tukadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Usiku halali. Jirani akitwanga alfajiri, yeye keshashika watoto, yuko mlangoni. Akisikia pikipiki, kijasho kinamtoka. Watu wakaanza kunong'ona, eti ana pepo. La hasha! Madaktari wanaijua hali hii; ni kiwewe. Wanasema dalili kama hizo ni za kawaida siku za mwanzo, na kwa walio wengi hupungua wakipata utulivu na watu wa karibu. Zikipita mwezi mmoja huku zikimzuia mtu kulala au kufanya kazi, apelekwe hospitali. Tena Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011, na ndani yake limo jambo ambalo sisi wapenda hadithi yatupasa tulishike: aliyepatwa na maafa asilazimishwe kusimulia. Msaidie apate chakula, mahali salama na ndugu zake. Akitaka kusema, msikilize.

Bibi yangu hakuusoma mwongozo huo. Lakini hakumuuliza binti yake chochote. Alimpa jembe, wakaenda porini na wanawake wengine kuchimba ming'oko, ile mizizi tunayoichemsha na ambayo hata Mtwara mjini inauzwa barabarani. Watu wakiwa wanachimba hawatazamani usoni. Anayetaka kusema anasema, anayetaka kunyamaza ananyamaza. Nadhani ni huko alikoanza kusema. Akaanza na kuuza, akawanunulia watoto madaftari. Usingizi haukurudi wote, ila alikuwa na sababu ya kuamka.

Siku moja akaniita. "Mwanangu, wewe si unaandika? Hebu niandikie vitu vyangu." Akataja: mabati 14, cherehani, magunia 3 ya korosho, picha ya harusi. Nikaandika. Aliponyamaza nikamuuliza kama vimekwisha. "Andika na mwembe," akasema. "Ule haukuungua." Akataka nimsomee tena toka mwanzo, kisha akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Wapo watakaosema yaliyompata yalikuwa na maana yake. Mimi sikubali. Kuchomewa nyumba hakuna maana yoyote. Maana ni kitu ambacho mtu hukitengeneza baadaye, kwa mikono yake na ya wenzake. Tazama vinyago vya Kimakonde. Wachongaji wengi, au wazee wao, walivuka Ruvuma hii hii kutoka Msumbiji, baadhi yao wakiikimbia vita iliyoanza mwaka 1964. Katika kinyago cha ujamaa watu wamebebana katika gogo moja la mpingo. Huwezi kumtoa mmoja bila kuwavunja wengine. Na gogo likiwa limepinda, fundi halitupi. Hufuata pale pale lilipopinda.

Ndivyo moyo unavyokazwa: kwa mikono mingi, na kwa kuukubali upindo wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeota kuandika riwaya, mambo haya yako karibu nasi. Palma nayo, ng'ambo ya mto, ilishambuliwa Machi 2021, watu wakakimbia kila upande. Ukikutana na mmoja wao, usianze na "hebu nisimulie." Anza na kazi mnayoweza kuifanya pamoja. Siku akisema, andika anachokitaja yeye, hata kama ni mwembe tu.