Pembe Hulelewa na Makazi

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Pembe nayo ina mlezi. Kondoo-mwitu wa milima ya Marekani huongeza pete pembeni kila mwaka. Malisho yakiwa mema, pembe hurefuka zaidi. Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi huupita msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, asijue kuwa humo huishi paa nunga, mnyama adimu. Pembe zake ni fupi, zimelala nyuma, zipenye vichaka bila kunasa. Choroa, mkazi wa nyika wazi, zake ni ndefu kama mikuki. Basi shoka na mtego wa waya vikiumaliza msitu na wanawe, nunga atahamia wapi na pembe zile?