Irente: Mlima Uliotufundisha Kushuka

Ukisafiri kwa basi kutoka Tanga kuelekea Moshi, baada ya Korogwe utaiona milima ya Usambara imesimama upande wa kulia kama ukuta. Pale Mombo, magari ya Lushoto huacha barabara kuu na kuanza kupanda. Njia ni nyembamba, kona ni kali, na kando yake kuna bonde lenye kina. Katikati ya safari mtapita Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Baada ya zaidi ya kilomita 30 za kupanda mtafika Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa utawala wao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaupenda kwa baridi yake. Sisi watu wa pwani tuliposhuka garini, jambo la kwanza lilikuwa kufungua mabegi na kutafuta masweta.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2024. Tulikuwa akina mama 12 wa usharika mmoja wa Tanga mjini, mdogo wetu akiwa na miaka 41 na mkubwa wetu 63. Kikundi chetu hutembea alfajiri siku tatu kwa juma katika barabara ya Raskazone, kando ya bahari. Kilianza baada ya ibada moja ya Jumapili, wauguzi tunaojitolea kanisani tulipopima shinikizo la damu na kuwakuta akina mama kadhaa wamefika 140 kwa 90 na kuzidi, nao hawana habari. Juma la kwanza barabara ilijaa. Mwezi wa tatu wengine walikuwa na mafua, wengine wageni, na wengine usingizi tu. Ndipo tukaweka lengo: tutachanga kidogo kidogo, na atakayedumu atakwenda nasi kupanda Irente kwa miguu.

Mwenzetu aliyetaka kubaki

Miongoni mwetu alikuwapo mama wa miaka 52 ambaye mwezi wa Machi alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi. Picha ilionyesha mfupa ni mzima, ila kano zilikuwa zimevutika vibaya. Mguu ulipopoa, moyo haukupoa. Alikaa ndani miezi mitatu akiogopa kuukanyagia. Uzito ukaongezeka, presha ikapanda, na jirani zake wakamwambia kwamba kwa umri ule mguu ukishaharibika ndiyo basi. Aliporudi Raskazone mwezi wa Julai alikuwa akitembea dakika 15 na kukaa.

Jioni ile Lushoto, katika nyumba ya wageni ya kanisa, alituambia kwamba yeye atabaki kupika. Hakusema kwa uchungu, alisema kwa upole, na upole ule ndio uliotutia wasiwasi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunamjua mgonjwa anayelalamika kuwa bado anapigana. Anayesema kwa upole, "Niacheni tu," huyo ameanza kuaga.

Mkubwa wetu hakubishana naye. Alitoa Biblia akatusomea habari za Eliya katika 1 Wafalme 19, jinsi nabii yule alivyochoka akalala chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na ndipo safari ndefu ya kwenda mlimani ikaanza. Chakula, pumziko, kisha mwendo. Tukakubaliana kwamba kesho mwenzetu atatembea nasi hadi atakapotaka, na popote atakaposema basi, pikipiki itaitwa, wala hapatakuwa na neno.

Njia ya kwenda Irente

Kutoka mjini Lushoto hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa kilomita 6 hivi. Njia inapita katikati ya nyumba na mashamba ya Wasambaa: mahindi, maharage, migomba, viazi, kabichi na karoti zilizopandwa kwenye miteremko ambayo mtu wa Tanga angeogopa hata kusimama. Msimu wa plamsi na pichesi ulikuwa bado. Tulipishana na akina mama wakiteremka na matenga ya mboga kichwani, wengine wenye umri wa mama zetu.

Tuliwatazama sana namna wanavyotembea. Hatua zao ni fupi. Hawakimbii panapoteremka, wala hawasimami kila mara panapopanda. Wanakwenda kwa mwendo mmoja ambao mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Hicho ndicho kipimo tunachowaambia wagonjwa wetu: mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nasi tukaiga. Tukamweka mwenzetu mbele kabisa, tukakubaliana kwamba hakuna atakayempita. Aliye dhaifu ndiye aliyetoa mwendo, na wenye nguvu wakaufuata. Tulipumzika kila baada ya dakika 20, tukanywa maji, naye akakagua kifundo chake kama kimevimba. Alishika bakora katika mkono wa upande wa mguu mzima, kwa maana bakora husaidia zaidi ikiwa upande ule kuliko upande wa maumivu.

Chakula cha shambani

Kabla ya kufika ukingoni lipo shamba la Irente, mali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri. Hapo hutengenezwa jibini, mkate wa kahawia na jamu, na wageni huweza kula chakula cha mchana chini ya miti. Tulikula mkate, jibini kidogo na mboga mbichi za bustanini. Mmoja wetu akauliza kwa utani kama wali wa nazi tumeuacha Mombo.

Utani ule ulizaa mazungumzo mazuri. Hakuna anayetutaka tuache chakula chetu cha pwani. Samaki ni chakula bora, mchunga na kisamvu ni mboga bora, na kunde na maharage hujenga misuli bila gharama kubwa. Kinachotuangusha ni kipimo: sahani ya wali iliyojaa hadi ukingoni na mboga kijiko kimoja, chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi asubuhi na jioni, na chumvi inayoongezwa mezani kabla hata ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya kununua. Geuza sahani: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe wali au ugali, na robo iwe samaki, maharage au nyama. Mwenye jeraha asijinyime chakula cha kujenga mwili kwa sababu amenenepa, maana kano na misuli havijengwi kwa njaa.

Kushuka ndiyo ngoma

Tulifika Irente saa saba mchana, sote 12. Mlima unakatika ghafla chini ya miguu yako, na huko chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, na nyika inayokwenda hadi macho yanachoka. Tuliimba. Mwenzetu hakuimba, alikaa juu ya jiwe, mbali na ukingo, akafunga macho.

Kisha akasimama akasema, "Sasa niitieni pikipiki."

Wawili kati yetu walimsihi amalizie ushindi kwa kushuka kwa miguu. Alikataa, naye alikuwa sawa. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Unapopanda, moyo na mapafu ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Unaposhuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikirefushwa, na goti na kifundo hupokea uzito mwingi kuliko kwenye tambarare. Kano iliyopona nusu huteguka hapo tena. Yeye alikuwa amebakiza nguvu za kutosha kujua kwamba zimekwisha.

Wale wawili waliteremka kwa mbio na vicheko. Asubuhi iliyofuata walishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, wakishika ukuta. Mwenzetu ndiye aliyewapelekea chai. Kifundo chake hakikuwa kimevimba.

Tuliyorudi nayo Tanga

Tangu safari ile tumeyashika mambo machache, nasi tunayatoa kwenu jinsi tulivyoyajaribu.

Kwanza, hatusubiri hamu. Hamu mara nyingi humkuta mtu akiwa tayari yuko njiani. Tumepeana siku na saa, na kila mmoja ana mwenzake wa kumgongea mlango. Ni vigumu kumwambia mtu aliyesimama mlangoni saa kumi na moja na nusu alfajiri kwamba umechoka.

Pili, tunahesabu dakika, hatuhesabu kilo. Lengo letu ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, kama wataalamu wanavyoshauri, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kuanzia umri wetu misuli hupungua isipotumiwa, na hedhi ikikoma mifupa nayo hupoteza uimara wake haraka zaidi. Huhitaji vyombo. Kaa kwenye kiti imara, simama bila kujishika, keti polepole, rudia mara 10. Shika ukuta, inuka juu ya vidole, shuka taratibu. Simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 20, ukiwa karibu na kitu cha kushika. Zoezi hili la mwisho ndilo linalokifundisha upya kifundo kilichoteguka.

Tatu, anayetoka katika jeraha huongeza kidogo kidogo, na kesho yake ndiyo mwamuzi. Maumivu madogo yanayokwisha ifikapo asubuhi si adui. Ukiamka na uvimbe au maumivu yaliyozidi ya jana, punguza, usiache. Lakini usiyatibu nyumbani haya: mguu usioweza kukanyagia hatua nne baada ya kuumia, ganzi, maumivu makali ukibonyeza mfupa, au muundi uliovimba na kuuma, hasa ukiambatana na kubanwa pumzi. Hilo la mwisho linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze na mganga wake kabla ya kuanza, wala asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea.

Nne, mdhaifu hutangulia. Kikundi kinachowaacha nyuma waliochoka hubaki na wale tu ambao wangetembea hata peke yao.

Mwenzetu sasa anatembea dakika 40 bila bakora. Bado anameza dawa za presha, na siku za baridi kifundo humkumbusha. Hatumwambii amepona kabisa, naye hatudai. Mwaka jana wengine waliporudi Lushoto, alipanda nao tena, na aliporidhika akaita pikipiki.

Basi, mama mwenzetu uliyeketi na mguu wako juu ya stuli ukidhani siku zako za kutembea zimekwisha: kesho anza na dakika 10, hadi kwa jirani na kurudi. Mwambie akusindikize. Kama jirani huyo ndiye mgonjwa na wewe ndiye mzima, usimngoje akuombe. Kagonge mlango, kisha mwache atangulie.