Kinga mbili, barabara moja, na ziwa la kurudia



Tangu turudi mwezi wa nane mmeniuliza kama ni kweli mimi na baba ya watoto tulipanda kinga mpaka Bukavu bila kupeleka mzigo wowote. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba franka kadhaa zilitoka kwenye likelemba yetu, zamu yangu ya mwezi wa sita. Ninajua ilisemwa kisimani. Basi ninaandika yote hapa mara moja.

Wazo ni la zamani. Nilipokuwa nasoma ualimu, kitabu kimoja cha Kifaransa kilikuwa na picha ya bwana na bibi wamesimama na kinga zao kando ya treni. Mwalimu alitueleza kwamba Ulaya watu hutembea hivyo wakati wa likizo: siku mbili tatu wanapanda kinga mashambani, wakichoka wanaziingiza ndani ya treni na kuendelea. Sisi Kivu hatuna reli. Walio na treni ni wa Kindu, na wale wa Kisangani na Ubundu, ambao reli yao ya kilomita 125 hivi ilimalizika mwaka 1906 ili mizigo ipite maporomoko ya mto. Lakini sisi tuna ziwa, na meli zake hubeba kila kitu. Bwana yangu akachora nyuma ya daftari: kwenda kwa barabara, kurudi kwa meli.

Kinga ya pili tuliazima kwa mwalimu mwenzetu. Ilikuwa ya kiume, yenye ile chuma ya katikati, nami nilivaa suruali ya bwana yangu chini ya kitenge. Waliocheka, nawasamehe. Hata mimi nilicheka.

Gumu halikuwa suruali. Gumu ni kwamba sisi watu wa Ntoto, kinga tunaijua kwa kazi mbili: kupeleka mawese sokoni na kukimbia. Mwezi wa tatu 1993, watu walipouawa hapa sokoni na moto ukaenea Masisi nzima, nilikuwa na miaka saba. Nilitolewa nyumbani juu ya kinga, nimefungwa juu ya godoro. Tangu siku hiyo nimekimbia mara nyingine ambazo sitazihesabu hapa. Kila mmoja wetu anajua jinsi ya kufunga: sufuria chini, godoro juu yake, mtoto juu ya godoro. Lakini kutoka nyumbani nikiijua tarehe ya kurudi, hiyo sijawahi. Safari hii niliiandika kwenye karatasi, kuondoka tarehe 7, kurudi tarehe 19, nikamwachia mama mkwe pamoja na watoto wanne. Yeye hasomi. Kila jioni alimwita mkubwa wao amsomee.

Mpaka kufika barabara kubwa ya Masisi tulisukuma zaidi kuliko kupanda. Na huko njiani swali likaanza: "Kwenu kuko nini?" Tulijibu kwamba kuko salama, tunatembea tu. Hawakuamini. Mama mmoja karibu na Nyabiondo alitutazama, akaingia ndani, akatoka na viazi vya kuchemsha kwenye sahani, kama tunavyowapa wakimbizi. Tulikula kwa haya. Bwana yangu alimwachia kipande cha sabuni, naye akakataa mara mbili kabla ya kupokea.

Masisi wote mnaijua, milima ya malisho, ng'ombe, jibini, baridi ya asubuhi. Ninachotaka kuwaambia ni mteremko wa kuelekea Sake. Breki zangu ziliungua mpaka zikanuka, tukakata kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu tukavifunga mahali pake. Halafu ziwa likatokea. Nimekwisha kuliona mara nyingi nikiwa juu ya lori, nimebanwa kati ya magunia. Sikujua kwamba lina rangi nyingi hivyo.

Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2 ni kama kilomita 200, nasi tuliikamata pale Sake. Bweremana, kisha Minova, ambapo tayari ni Kivu ya Kusini. Tulikula sambaza za kukaanga na bugali. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa ziwa letu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mtoto gani wa Kivu asiyewala? Baada ya Minova milima inaanza tena, na mpaka Nyabibwe nilitukana kinga, barabara na kile kitabu cha Kifaransa.

Siku ya kwanza mimi na bwana yangu tulikosa la kusema. Miaka 11 ya ndoa, na mazungumzo yetu yote ni ada ya shule, homa ya mtoto, na habari za usalama. Siku ya tano, tukisukuma bega kwa bega, akanieleza kwamba mara moja, akirudi na bidoni zake tupu, alilala porini usiku tatu kwa sababu ya risasi. Mimi niliambiwa wakati ule kwamba soko lilichelewa. Nilinyamaza mpaka juu ya mlima. Kisha nikamwambia asinifiche tena, na tukashuka.

Kalehe barabara inarudi kando ya maji. Katana na Kavumu kuna kahawa, na miti ya kinini, ile ambayo ganda lake hutengenezwa dawa ya malaria huko Bukavu. Usiku tulilala kwa masista au kwa jamaa. Tulikuwa tunaondoka alfajiri na kusimama saa tisa, na kila asubuhi tuliuliza habari za mbele kabla ya kukanyaga. Anayetaka kujaribu asiache kadi ya mpiga kura, na awe na noti ndogondogo kwa ajili ya kamba za njiani.

Bukavu, karani wa meli alitaka tulipie kinga kama abiria wawili. Tulibishana, tukalipa kama mmoja. Lakini meli ilichelewa siku nzima. Usiku uliofuata tulikaa juu, kinga zimefungwa kwenye magunia, tukapita Idjwi gizani, na taa za wavuvi wa sambaza zilijaa majini kila upande.

Kutoka Goma mpaka Sake chukudu za viazi zilitupita kwenye miteremko, vijana wakitupigia miluzi. Tulifika Ntoto tarehe 20, jua likizama.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Watoto walikuwa wamevaa nguo mbilimbili. Sufuria zilikuwa zimefungwa, godoro limekunjwa, kamba imekazwa. Tarehe 19 ilipopita bila sisi, yeye hakuhitaji kusomewa tena.

Hakutugombeza. Alishika usukani wa kinga yangu, akauliza kama kweli hakuna kitu nyuma yetu. Nikamwambia hakuna, ni meli tu. Tulifungua kamba pamoja, tukapika sambaza za Bukavu katika sufuria ileile.